Kodi Ipi Ipelekwe kwa Wapiga Kura? Mwongozo Kamili kwa Majiji ya California

Kenya, kaunti ikitaka kupandisha ada na tozo huandaa Mswada wa Fedha, huwaita wananchi watoe maoni, kisha bunge la kaunti huamua. California mambo ni mengine. Tangu Pendekezo la 13 la mwaka 1978, na hasa tangu Pendekezo la 218 la mwaka 1996, yote mawili sheria zilizopitishwa na wapiga kura wa jimbo, baraza la jiji haliwezi kuanzisha, kupandisha wala kurefusha kodi mpaka wakazi wenyewe waipigie kura.

Kazi ya kuchagua kodi ya kupeleka huanza mapema, mwaka mmoja au zaidi kabla ya uchaguzi. Mwongozo huu ni wa wanaoshiriki kazi hiyo: diwani, ofisa wa fedha, mjumbe wa kamati ya wananchi, au mkazi anayetaka kujua kwa nini jiji lake limeleta kodi hii na si ile.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuzipanga kodi kwa ukubwa wa mapato na kuchagua iliyo juu ya orodha. Kodi ya dola milioni 20 iliyokataliwa huleta sifuri, na gharama za uchaguzi juu yake. Mapato yaje mwisho. Kwanza ijulikane pengo ni la aina gani, sheria inadai kura ngapi, na nani atakayelipa.

Hatua ya 1: Lipime pengo, uligawe mara mbili

Chukua makadirio ya bajeti ya miaka mitano, si ya mwaka mmoja. Gawanya upungufu katika safu mbili. Safu ya kwanza ni gharama zinazorudi kila mwaka: mishahara ya zimamoto na polisi, saa za maktaba, michango ya pensheni, matengenezo ya barabara. Ya pili ni gharama za mara moja: kituo kipya cha zimamoto, daraja, paa la ukumbi.

Mgawanyo huu peke yake huondoa mapendekezo mengi. Hatifungani, yaani mikopo ya jiji, zinazolipwa kwa kodi ya majengo zinaruhusiwa kununua au kuboresha ardhi na majengo tu. Haziwezi kulipa mshahara, wala kununua gari la zimamoto. Na kodi ya mauzo inayoisha baada ya miaka 9 haifai kuajiri watu 40 wa kudumu, labda liwepo jibu la nini kitatokea mwaka wa 10.

Kisha toa vitu visivyohitaji kura ya kodi. Ada za maji, maji taka na taka ngumu hupita njia nyingine chini ya Pendekezo la 218: wamiliki hutumiwa taarifa, na ada huzuiwa tu wengi wao wakipinga kwa maandishi. Lakini ada haiwezi kuzidi gharama halisi ya huduma, na tangu Pendekezo la 26 la mwaka 2010 malipo mengi yaliyokuwa yakiitwa ada huhesabiwa kuwa kodi. San Diego ni mfano wa njia hii. Kwa zaidi ya karne moja, agizo la mwaka 1919 liliwapa wenye nyumba huduma ya kuzolewa taka bila malipo ya moja kwa moja. Wapiga kura waliondoa zuio hilo mwaka 2022, na baraza likapitisha ada mwaka 2025. Kila dola inayopatikana hivyo ni dola isiyohitaji kampeni ya kodi, ingawa hasira ya wakazi hubaki ileile.

Hatua ya 2: Jua kizingiti cha kura kabla ya kujua kiasi cha pesa

Hapa ndipo majiji mengi huanguka, kwa hiyo tukae.

Kodi ya jumla huingia mfuko mkuu na baraza huitumia kwa kazi yoyote halali. Hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Kodi maalumu imefungiwa kazi iliyotajwa kisheria, na ikipendekezwa na baraza hudai theluthi mbili, yaani 66.67%. Hatifungani za jiji nazo hudai theluthi mbili. Mtu akikuambia ni 55%, anachanganya na za shule, zilizoshushiwa kizingiti na Pendekezo la 39 mwaka 2000. Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo walilikataa Pendekezo la 5, lililotaka kuzipa hatifungani za nyumba na miundombinu nafuu hiyohiyo.

Mtego ni huu: mpiga kura hapendi kutoa pesa isiyo na jina. Anataka aambiwe ni ya barabara. Ukiandika kwenye sheria kwamba ni ya barabara tu, umejipandishia kizingiti kutoka nusu hadi theluthi mbili.

Tazama vinywaji vyenye sukari, Novemba 2014. Berkeley ilipeleka kodi ya jumla ya senti moja kwa aunsi, ikapita kwa takriban 76%. Siku hiyohiyo San Francisco, ng'ambo ya ghuba, ilipeleka ya senti mbili iliyofungiwa programu za afya. Ilipata zaidi ya 55%, ikaanguka. Mwaka 2016 San Francisco ilirudi na kodi ya jumla ya senti moja, ikapita. Bidhaa ile, jiji lile, kifungu tofauti. (Usiinakili kodi yenyewe: mwaka 2018 jimbo lilitunga sheria ya kuzuia nyingine mpya.)

Njia za kutoka mtegoni ni tatu. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka: peleka kodi ya jumla, taja vipaumbele kama mifano, ongeza ukaguzi wa hesabu kila mwaka na kamati ya wananchi ya usimamizi. Neno “kama vile” ndilo linalokuokoa, na neno “pekee” ndilo linalokuangusha. Mwanasheria wa jiji asome kila sentensi, hata ya vipeperushi.

Ya pili ni kupeleka maswali mawili pamoja: kodi ya jumla, na kando yake swali la ushauri linalouliza wakazi wanataka pesa itumike wapi. La pili halilifungi baraza, na wapinzani watalisema hilo mchana na usiku. Hufaa jiji ambalo wakazi bado wana imani nalo. Pasipo imani huonekana ujanja.

Ya tatu haiko mikononi mwa baraza. Katika kesi ya Upland ya mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya California ilitofautisha mapendekezo ya baraza na yale yanayoletwa na wananchi kwa kukusanya saini, na mahakama za rufaa zikajenga juu yake: kodi maalumu ya wananchi hupita kwa zaidi ya nusu. Pendekezo ULA la Los Angeles, kodi ya mauzo ya majengo ya bei kubwa, lilipita hivyo Novemba 2022 kwa kura zisizofika theluthi mbili. Lakini usiweke mapato yake kwenye bajeti mapema. Kodi ya hoteli ya San Diego, Pendekezo C la Machi 2020, ilipata 65.24% na kuzama mahakamani miaka mingi, hata makusanyo yakaanza Mei 2025. Pia madiwani wakionekana ndio walioliandika pendekezo la “wananchi”, wanawapa wapinzani hoja ya kesi. Sheria hizi nazo hushambuliwa kwenye karatasi za kura za jimbo kila baada ya miaka michache. Zikaguliwe upya kila msimu.

Kabla ya kulipia utafiti wowote, hesabu kura za ndani. Kodi ya jumla na kodi ya mauzo hudai theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza ili tu iingie kwenye karatasi: 4 kati ya 5, au 5 kati ya 7. Diwani asiyehudhuria ni sawa na kura ya hapana. Majiji yenye mamlaka ya katiba yake yanaweza kuwa na nafuu kwa kodi fulani, ila si kwa ya mauzo.

Hatua ya 3: Pitia kodi moja moja, na kalamu mkononi

*Kodi ya mauzo.* Ndiyo inayopelekwa zaidi. Kiwango cha chini cha jimbo ni 7.25%, ambamo 1% huenda kwa jiji lilipofanyika uuzaji. Jiji linaweza kuongeza yake kwa vipande vya 0.125%. Kosa la hesabu ni kudhani kwamba kama 1% ya sasa huleta dola milioni 12, nusu senti kwa dola (0.5%) italeta milioni 6. Kodi ya nyongeza hufuata mahali bidhaa inapotumika: gari hulipiwa kodi ya mahali linaposajiliwa, na kifurushi cha mtandaoni hulipiwa kodi ya mahali kinapofikishwa. Jiji lenye mtaa wa maduka ya magari litapata chini ya makadirio hayo, na jiji la makazi lisilo na maduka makubwa litapata zaidi. Agiza makadirio yaliyosahihishwa kwa hilo.

Kuhusu haki: chakula kingi cha dukani na dawa za daktari havitozwi, kodi ya nyumba ya kupanga haitozwi. Hata hivyo mwenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kununua bidhaa zinazotozwa. Kamati isilifiche hilo, litaulizwa.

*Kodi ya wageni wa hoteli.* Hutozwa vyumba vinavyokodishwa kwa siku 30 au pungufu. Wapiga kura huipenda kwa kuwa mlipaji si mkazi wa mji. Hesabu: vyumba 1,200 × siku 365 × ujazo wa 70% × dola 180 × nyongeza ya 2% = takriban dola milioni 1.1 kwa mwaka. Kwa jiji lenye hoteli tatu kando ya barabara kuu, hiyo ni kodi rahisi kupitisha na ndogo kuziba pengo.

*Kodi ya bili za umeme, gesi, maji na simu.* Mapato yake ni thabiti. Lakini inaonekana kila mwezi kwenye bili, na huchukiwa kwa sababu hiyohiyo. Kama jiji linayo tayari, kuilinda kisheria na kuihuisha iendane na simu za kisasa ni rahisi kuliko kuianzisha.

*Kodi ya leseni ya biashara.* Majiji mengi yana viwango vya miongo iliyopita. Chagua msingi kwa makini. Kutoza mauzo ghafi humwumiza muuza vyakula mwenye faida ya 2% na kumpita mwanasheria mwenye faida ya 40%, kwa hiyo viwango vitofautiane kwa aina ya biashara. Kutoza kwa kichwa cha mfanyakazi hufaa penye waajiri wakubwa: Mountain View, nyumbani kwa Google, ilipitisha ya namna hiyo Novemba 2018. Udhaifu wake ni kwamba kampuni moja ikihama, kodi huhama nayo.

*Kodi ya uhamisho wa umiliki.* Kaunti hutoza dola 1.10 kwa kila dola 1,000 ya bei, na jiji la kawaida hupata nusu yake. Majiji yenye katiba yake ndiyo pekee yanayoweza kupanda zaidi. ULA hutoza 4% kwa mauzo ya zaidi ya dola milioni 5 na 5.5% yakifika milioni 10, vizingiti hivyo vikirekebishwa kila mwaka. Tangu ianze Aprili 2023 mapato yamekuwa chini ya makadirio ya kampeni. Kodi inayotegemea mauzo machache makubwa hupanda na kushuka na soko la majengo. Ikichaguliwa, kadiria kwa mwaka mbaya, na ziada ya mwaka mzuri iende akibani kwa agizo lililoandikwa.

*Kodi ya kiwanja.* Hutozwa kila kiwanja, na haiwezi kukadiriwa kwa thamani ya mali. Viwanja 40,000 × dola 150 = dola milioni 6, ukitoa msamaha wa wazee. Ni ya uhakika, lakini kwa kiwango kimoja nyumba ndogo na jumba la ufukweni hulipa sawa. Baraza likiipendekeza ni theluthi mbili.

*Hatifungani.* Deni la dola milioni 100, miaka 30, riba ya 4.5%, hudai malipo ya takriban dola milioni 6.1 kwa mwaka. Jiji lenye mali za thamani ya tathmini ya dola bilioni 20 litatoza kama dola 31 kwa kila dola 100,000. Sisitiza neno “tathmini”. Chini ya Pendekezo la 13 tathmini haipandi zaidi ya 2% kwa mwaka mpaka mali iuzwe, kwa hiyo aliyenunua mwaka 1985 hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa jirani aliyenunua mwaka jana.

Hatua ya 4: Angalia nani mwingine yuko kwenye foleni

Kodi za nyongeza za mauzo, za kaunti na jiji pamoja, zina dari ya 2%, isipokuwa bunge la jimbo limetoa ruhusa maalumu. Zikiwa tayari 1.5%, nafasi iliyobaki ni nusu senti, na kaunti au mamlaka ya usafiri ikiiwahi kwenye uchaguzi uleule, hesabu zako zote zimevurugika. Pigia simu ofisi ya kaunti, wilaya ya shule na mamlaka ya usafiri mapema mwaka wa uchaguzi.

Hata pasipo dari, foleni huua. Novemba 2024 wakazi wa jiji la San Diego walikutana na kodi mbili za mauzo kwenye karatasi moja: senti moja ya jiji, ambayo ingepandisha kiwango kutoka 7.75% hadi 8.75%, na nusu senti ya kaunti. Zote mbili zilianguka, kila moja kwa tofauti ndogo. Hatuwezi kuthibitisha kwamba moja ingeokoka peke yake, lakini dau letu liko hapo. Ushauri huo unahusu pia jiji linalotaka kupeleka kodi mbili zake lenyewe: mshika mbili moja humponyoka. Mbili hupita pamoja pale tu walipaji wanapotofautiana wazi, kwa mfano ya mauzo na ya hoteli.

Hatua ya 5: Utafiti wa maoni unaouma

Watu 400 hutoa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. 600 hulishusha hadi 4. Sampuli iwe ya watakaopiga kura, si ya wakazi wote, na ihojiwe kwa lugha za mtaani. Mambo matatu hayakwepeki. Soma maneno halisi ya karatasi ya kura, si muhtasari mtamu. Gawa sampuli mara mbili ujaribu viwango viwili, labda nusu senti na senti moja. Kisha soma hoja kali za wapinzani na uulize upya.

Jibu la mwisho, baada ya hoja za wapinzani, ndilo la kuamulia. Kwa maoni yetu, kodi ya jumla iliyo chini ya 55% hapo isiende, na ya theluthi mbili ihitaji 70%. Wasioamua wahesabiwe kama hapana. Siku ya kura wengi wao huwa hivyo. Pakiwa na pengo kubwa kati ya jibu la kwanza na la mwisho, tatizo ni imani kwa baraza, na kupunguza kiwango hakutalitibu.

Hatua ya 6: Chagua uchaguzi, kisha andika maneno 75

Kodi ya jumla lazima iende kwenye uchaguzi mkuu wa kawaida ambao madiwani nao wanachaguliwa, labda baraza kwa kauli moja litangaze dharura. Kodi maalumu na hatifungani zina uhuru zaidi. Novemba ya mwaka wa urais huleta wapiga kura wengi, vijana na wapangaji zaidi. Uchaguzi mdogo huleta wenye nyumba wenye umri mkubwa. Linganisha hilo na anayelipa kodi yako.

Karatasi ya kura hupewa maneno yasiyozidi 75, na sheria inataka ndani yake kiwe kiwango cha kodi, muda wake na kiasi kitakachokusanywa kwa mwaka. Yakitoka hayo, yanabaki kama maneno 50 ya kueleza sababu. Kodi isiyo na mwisho husomeka “mpaka wapiga kura waifute”. Huvutia wachache kuliko ya miaka 10, lakini hubeba gharama za kudumu. Rudi kwenye safu mbili za hatua ya kwanza uamue.

Azimio lifike kwa msajili wa wapiga kura siku 88 kabla ya uchaguzi. Kwa Novemba 3, 2026 hiyo ni Agosti 7. Mabaraza mengi hupumzika wakati huo, kwa hiyo kikao cha mwisho cha kupitisha kiwe Juni au mapema Julai, kibaki na wiki mbili za kusahihisha.

Likishaingia kwenye karatasi, pesa ya umma haifanyi kampeni. Tangu hukumu ya Stanson dhidi ya Mott ya mwaka 1976, jiji linaweza kueleza ukweli wa pande zote, si kuhimiza ndiyo. Kipeperushi cha jiji chenye kauli mbiu na picha ya mzimamoto anayetabasamu ni mwaliko wa faini. Diwani anaweza kufanya kampeni kwa muda wake na pesa za wafuasi.

Hatua ya 7: Panga pesa itakapofika, si itakapopigiwa kura

Kodi ya mauzo huanza siku ya kwanza ya robo mwaka inayokuja zaidi ya siku 110 baada ya sheria kupitishwa. Ikipita Novemba, huanza Aprili 1, na jimbo hulipelekea jiji mgao wake miezi kama miwili baadaye. Bajeti inayoishia Juni 30 itapata robo moja tu. Kodi ya kiwanja huingia kwenye bili ya kaunti ya mwaka unaofuata, na awamu ya kwanza haicheleweshwi zaidi ya Desemba 10: zaidi ya mwaka mzima tangu kura. Jiji lililoahidi askari wapya Januari litawakopea mishahara, au litakaa kimya mpaka majira ya joto huku wapinzani wakiuliza pesa iko wapi. Weka tarehe hizo kwenye taarifa ya baraza ya siku ileile linapopiga kura ya kuipeleka kodi, pamoja na orodha ya huduma zitakazokatwa, na tarehe ya kukatwa, kodi ikikataliwa.